Aliyefunga Hewa

Enelika Sanga alipoingia jikoni alimkuta mama yake amesimama mbele ya jiko la umeme. Mkono wa kushoto ulishika sufuria tupu, wa kulia ulikuwa unaelea juu ya sahani ya jiko iliyowaka mpaka ikawa nyekundu. Vidole vilikuwa karibu mno. Mama alikuwa anautazama ule wekundu kwa utulivu, kama mtu anayesubiri kuambiwa unaitwaje.

"Mama!"

Alimdaka kiganja na kumrudisha nyuma. Mama hakushtuka. Alimtazama Enelika usoni, kisha akatabasamu tabasamu lile lile alilowapa wageni mlangoni pa kanisa.

"Asante sana, dada," akasema. "Nawe ni mtu wa hapa hapa kijijini?"

Enelika akazima jiko.

"Ndiyo, mama. Ni mtu wa hapa."

"Sawasawa. Kuna baridi huku kwenu."

Alimketisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamfunika blanketi magotini, kisha akakisogeza kitambaa cha kichwa nyuma ya sikio la kulia. Pale chini ya ngozi, kwenye mfupa, ndipo kilipokaa kinong'onezi. Hakikuwa kikubwa kuliko punje ya harage. Alama pekee ya kuwepo kwake ilikuwa nukta ya mwanga iliyoonekana kupitia ngozi. Kwa miaka yote tangu mama aanze kupoteza majina, nukta ile ilikuwa ya kijani. Tangu wiki ya mazishi ya kaka yake Enelika ilikuwa ya njano. Sasa ilikuwa nyekundu, tena haikutulia. Iliwaka, ikafifia, ikakawia, ikawaka tena.

Daktari wa Mbeya alikuwa amelisema jambo hilo waziwazi siku alipokipandikiza. Kinong'onezi hakina akili yake chenyewe. Kila siku kinapokea kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa njia ya hewa, nyuso, majina, njia za nyumba na utabiri wa mvua wa wiki, na asubuhi kinamnong'oneza mgonjwa vile anavyohitaji kuvijua. Jambo zito analoambiwa mgonjwa hulishika chenyewe, mpaka kompyuta ielekeze vingine. Kisipopokea, kinaishi kwa akiba yake ndogo. Akiba ikiisha na taa ikazimika kabisa, kinajifuta, ili kumbukumbu za mtu zisije zikaokotwa na mwingine. "Nakala itabaki kwenye kompyuta," daktari alisema, "lakini kwa mama itakuwa kama albamu ya watu asiowajua. Ubongo ukishaacha njia hizo, sisi hatuna namna ya kuurudisha."

Enelika aliiona taa ya njano tangu mwanzo, na alijua maana yake. Lakini ilipogeuka njano, ndipo mama alipoacha kulia asubuhi, naye akajiambia kwamba ni ukungu tu wa nyanda za juu za Kitulo unaosumbua mlingoti wa mtandao juu ya paa, utapita.

Ukungu ulipita, na taa ikawa nyekundu.

*

Kompyuta ilikaa sebuleni juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha kufuma. Ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani inayotumia Linux, kama zile zote ambazo usharika uligawa kwa nyumba zenye wagonjwa wa kusahau. Enelika aliiwasha, akafungua orodha ya mitandao ya hewa. Alitarajia kuona jina la mlingoti wao, na majina mawili matatu ya jirani.

Orodha ilikuwa tupu.

Hakuona hata jina la jirani. Alitoka nje mbio, akatazama juu ya paa. Taa ya mlingoti ilikuwa inawaka vizuri. Akatoa simu yake, na simu ikaona mitandao yote, wa kwao na wa kwa jirani yao Mahenge na wa zahanati kule chini. Kwa hiyo hewa ilikuwa imejaa, ila kompyuta peke yake haikuona kitu.

Aliizima, akaiwasha upya, akasubiri huku akiuma kucha. Orodha ilikuwa bado tupu.

Akampigia Mwalimu Tweve, aliyewafundisha kompyuta jioni katika ukumbi wa kanisa, yeye na akina mama wengine waliokuja darasani na udongo wa viazi kwenye viatu.

"Enelika," sauti ikaitika, "usinipigie kuniambia umeifuta tena kazi ya nyumbani."

"Mwalimu, kompyuta ya mama haioni mtandao hata mmoja. Na taa yake ni nyekundu. Inapepesa."

Utani ukaisha hapo hapo.

"Inapepesa haraka au taratibu?"

"Taratibu. Kila mara inachelewa zaidi."

"Ningekuja, lakini barabara imekatwa na maporomoko pale darajani, nitafika jua limezama. Tutaifanya wewe na mimi. Umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa. Mtu aliyesimama anaruka hatua. Na usiipige kofi hiyo mashine, nakujua."

Alikaa. Nyuma yake, dirishani, mama alikuwa anaimba kwa sauti ndogo wimbo usio na maneno.

"Tunaanza chini, tunapanda," Mwalimu akasema. "Swali la kwanza, kompyuta inajua kwamba ina kadi ya redio? Andika lspci, tuone vifaa vyake."

Mistari ikashuka kwenye kioo. Enelika aliisoma mmoja mmoja, kidole kikifuata, kama anavyosoma masomo ya Jumapili madhabahuni. "Ipo. Kadi ya mtandao wa hewa, ipo."

"Vizuri, haijafa. Swali la pili, ina dereva? Ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta lugha ya kadi. Rudia amri ile ile, uongeze k mwishoni kama tulivyofanya darasani."

"Ina dereva. Imeandikwa anatumika."

"Basi kadi ipo na lugha inaeleweka. Swali la tatu, imeamka? Iamshe kwa mkono. Ile amri ya ip link, unaikumbuka?"

Aliikumbuka. Akaiandika, akakosea herufi, akafuta, akaandika tena. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja, naye akausoma kwa sauti.

"Inasema haiwezekani. Inasema redio imezuiwa."

"Imezuiwa," Mwalimu akasema polepole. "Basi hiyo si hitilafu, Enelika. Mashine haina ugonjwa. Imeambiwa inyamaze, nayo imetii. Andika rfkill list, ituonyeshe ni zuio gani."

Aliandika. Ikaja mistari miwili. Zuio la swichi, hapana. Zuio la programu, ndiyo.

"Mtu alibonyeza kitufe," Mwalimu akasema. "Kile cha juu chenye picha ya mlingoti. Na Linux ina tabia hiyo, ukiiambia inyamaze inashika neno lako hata uizime mara mia. Ndiyo maana kuwasha upya hakukusaidia. Nani hubonyeza mashine hiyo?"

"Hakuna. Ni mimi tu, na mi—"

"Ni mama yako," sauti ikasema mlangoni.

*

Aliyesimama pale alikuwa mama mdogo Adela, mdogo wake mama, na chupa ya maziwa mkononi na matope mpaka kwenye pindo la gauni. Kila siku alipanda mlima huo kuja kumwona dada yake, na kila siku alifika akilalamika juu ya mlima kana kwamba umewekwa jana.

"Umesema nini, mama mdogo?"

"Nimesema ni mama yako aliyebonyeza. Mimi nilikuwepo. Tulipoletewa habari ya Lutengano, kwamba ameanguka kutoka kwenye mnara wa umeme wa upepo, watu wa kwanza hawajafika bado, dada alinyanyuka hapo alipo sasa. Alikwenda moja kwa moja kwenye hilo lidude lenu, akabonyeza juu, akalifunika kitambaa. Nikamwambia, dada, swichi ya hewa si iko mlangoni? Akaniambia, hii nayo inasema."

Enelika aliweka simu mezani, Mwalimu akiwa bado hewani.

Kila mtu katika vijiji vile aliujua utaratibu huo. Mashine zilipojifunza kuandika rambirambi, nyumba yenye msiba ilipokea mamia ya salamu kabla maiti haijapoa, zote tamu, zote zina mstari wa Biblia, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mtu. Watu wakaacha kuja. Walidhani wameshakuja. Ndipo usharika ukaamua kwamba nyumba ikifiwa inafunga hewa. Mfiwa mkuu anazima mlingoti kwa mkono wake mwenyewe, na anayetaka kutoa pole avae viatu. Siku ya kuanua tanga, mchungaji akishaomba, yule yule aliyefunga ndiye anayefungua.

Nao walifanya hivyo. Siku ya kuanua tanga mama aliongozwa mpaka mlangoni, akainua swichi ya mlingoti, watu wakaimba. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama kuna kingine alichokifunga. Na yeye mwenyewe, kinong'onezi chake kikiwa hakipokei kitu tangu saa ya msiba, alikuwa ameanza kusahau.

"Kwa hiyo alifunga kwa sababu ya msiba," Enelika akasema, "na kwa sababu alifunga, akasahau kwamba kuna msiba."

"Ndiyo hivyo. Na wewe ukamwacha." Adela hakusema kwa ukali. Aliweka maziwa mezani. "Kila akiuliza, unamwambia kaka yake yuko Mbeya kikazi."

"Kaka yangu, mama mdogo. Kwake ni mwanawe."

"Unaona? Hata mimi unanichanganya. Nyumba yenye uongo ni tabu kuitembelea, mtu hujui useme nini."

Simu ikakohoa. "Samahani," Mwalimu Tweve akasema. "Shikamoo, mama. Enelika, taa."

Enelika alikwenda dirishani. Aliihesabu pumzi yake kati ya mwako mmoja na mwingine, na pumzi zilikuwa nyingi kuliko mwanzo.

"Inachelewa sana, Mwalimu. Niondoe zuio? Ni amri moja tu, ninayo."

"Ngoja kwanza. Ukiliondoa, kila kilichokwama tangu siku ile kitashuka kwake kwa pamoja, na atakisikia chote. Fungua foleni ya habari za asubuhi uone kuna nini."

Alijua kuna nini kabla ya kuifungua. Kinong'onezi hupanga habari kwa uzito. Juu kabisa ya foleni, kabla ya dawa ya presha, kabla ya jina la mwezi, ulikuwepo mstari ambao yeye mwenyewe aliuandika siku ya pili ya msiba, kwa sababu daktari alielekeza kwamba mambo makubwa yaandikwe: Mwanao Lutengano amefariki. Kando yake palikuwa na alama, kunong'onwa kila asubuhi.

Kila asubuhi. Zile asubuhi chache kabla akiba haijakonda, kifaa kikiwa kimeishika chenyewe habari ile siku ilipoletwa, mama alikuwa ameamka na kuambiwa na sikio lake mwenyewe, na kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Alipiga ukelele ule ule. Alishika mlango ule ule. Enelika alikuwa anakaa chumba cha pili akisubiri ukelele huo uanze, akimwomba Mungu usianze, mpaka siku ulipokosa kuanza kweli.

"Ninaweza kuufuta," akasema.

"Unaweza," Mwalimu akasema.

"Nikiufuta, nyuso zinarudi, njia za nyumba zinarudi, dawa zinarudi. Ananijua. Anakuwa mama yangu. Kasoro hilo tu."

"Kompyuta haitakuzuia. Haijui kwamba mstari huo ni mzito kuliko ule wa dawa ya presha."

"Nakuuliza wewe, Mwalimu."

"Mimi nakufundisha kompyuta, mwanangu. Hilo ni swali jingine, na ningekudanganya nikisema ninalo jibu lake."

"Futa, basi!" Adela akasema ghafla, macho yamejaa maji. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Hapana, usifute. Mtoto alizaliwa na yule pale, akamnyonyesha, halafu asijue amezikwa? Akimwona mtu kwa mbali amevaa koti la bluu atasema yule Lute anakuja. Amefanya hivyo juzi, hukuwepo. Alimpungia mkono mtoto wa Mahenge mpaka akaingia kwao."

"Na akilia kila siku mpaka afe?"

"Sijui, Ene. Mimi sikusoma. Ila najua aliyefunga ndiye anayefungua, na anafungua akijua anafungua nini. Mchungaji alimwongoza pale mlangoni kama mtoto anayefundishwa kutembea. Labda ndiyo maana haikufunguka."

"Haikufunguka kwa sababu ya kitufe, mama mdogo."

"Haya. Kitufe."

Enelika alipiga magoti pale pale mbele ya kabati la vyombo, paji la uso likigusa mbao. Hakuwa na maneno mengi. Bwana, mimi sijui. Usiniache nijifanye najua. Nilifurahi aliposahau, nawe uliniona. Nionyeshe mlango nitakaoweza kupita.

Hakusikia kitu ila ule wimbo usio na maneno. Haukuja mstari wa Biblia wala joto kifuani. Wazo lililokuja lilikuwa dogo na la kawaida mno. Lilimwambia kwamba watu watatu walikuwa wamejadili habari za mama, na mama alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwao.

*

Alivuta kigoda, akaketi chini ya kiti cha mama.

"Samahani, mama. Naomba kukuuliza kitu."

"Uliza, dada. Nipo tu."

"Kama mtu angekuwa na mtoto wa kiume, mtu mzima, akafariki mbali. Na huyo mama yake akawa ni mgonjwa, anasahau. Je, aambiwe?"

Adela alifunika mdomo kwa mkono. Mama alitazama nje, ambako ng'ombe wa mtu alikuwa anakula nyasi kando ya shamba la viazi.

"Swali gumu hilo," akasema. "Ni jamaa yako?"

"Ndiyo."

"Pole sana."

"Asante."

Mama aliendelea kufikiri. Mkono ukapanda wenyewe nyuma ya sikio.

"Mimi humu ndani nina kitu. Kinanisemea asubuhi. Siku moja kiliniambia neno baya sana. Silikumbuki sasa, ila lilikuwa baya. Halafu papo hapo kikaniambia leo kutakuwa na mvua." Alimgeukia Enelika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa na hasira. "Mvua! Nikakiuliza, umesema nini? Kikasema, chukua koti. Mtu hawezi kufanya hivyo. Mtu angenyamaza kidogo."

"Angenyamaza," Enelika akasema.

"Angeniacha nimshike. Kile hakishikiki." Akapangusa blanketi magotini kama anaondoa makombo. "Huyo jamaa yako, aambiwe. Lakini atafutwe mtu wa kumwambia. Asiambiwe na kitu."

"Na akisahau kesho?"

"Si atakuwepo huyo mtu?"

Kesho, kesho kutwa, na asubuhi zote ambazo Mungu atampa mama yake. Itampasa Enelika aamke kabla yake. Itampasa aingie chumbani, akae ukingoni mwa kitanda, aseme kwa mdomo wake, kisha asiondoke. Na siku atakayochoka, siku atakayoumwa, siku atakayojiambia leo nimwache apumzike, hakuna mashine itakayomsuta.

Alirudi kwenye kompyuta. Aliufuata ule mstari wa juu. Hakuufuta. Aliondoa tu alama ya kunong'onwa, akaandika mbele yake: ataambiwa na Enelika.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo."

"Nimeuacha, ila kifaa hakitausema. Nitausema mimi."

"Hiyo ni kazi ya kila siku, Enelika. Na hakuna atakayejua kama umeifanya au umeiruka."

"Mmoja atajua."

"Basi ondoa zuio. Upesi."

Vidole vilikuwa tayari juu ya herufi. Amri ilikuwa fupi, angeiandika akiwa amefumba macho. Akaiacha. Akaiinua kompyuta kutoka kabatini pamoja na waya wake, akaibeba mpaka dirishani, akaiweka mapajani pa mama.

"Ene, taa!" Adela alikuwa ameinama nyuma ya sikio la dada yake. "Siioni. Imekawia. Siioni kabisa!"

"Mama, nitazame." Alimshika mikono yote miwili. "Yule mtoto niliyekuambia ni wako. Anaitwa Lutengano. Amefariki. Alianguka kazini, tumemzika pale juu kwa baba yake. Ulifunga hewa kwa ajili yake, kwa mkono wako, na ni wewe unayetakiwa kuifungua. Kitufe ni hiki."

Mama alimtazama mtu huyu asiyemjua, aliyekuwa na machozi mpaka kidevuni. Hakupiga ukelele. Neno lilikuwa limemfikia, lakini lilikuwa bado halijapata mahali pa kukaa. Alitazama kitufe chenye picha ya mlingoti.

"Lutengano," akasema, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga.

"Ndiyo, mama."

"Amefungiwa hewa?"

"Amefungiwa. Kwa heshima."

"Basi imetosha," mama akasema, akabonyeza.

Kwenye kioo jina la kwanza likatokea, la zahanati. Kisha la kwa Mahenge. Jina la mlingoti wao lilichelewa. Adela alikuwa anasema Bwana, Bwana, Bwana bila kupumzika. Jina likaja. Duara dogo likazunguka pembeni yake, likazunguka, likaendelea kuzunguka.

"Taa?" Mwalimu akauliza kutoka mezani, sauti imekuwa nyembamba.

"Giza," Adela akasema.

Duara likasimama. Foleni ikaanza kushuka, mstari baada ya mstari, nyuso, majina, njia ya kwenda chooni, njia ya kwenda kanisani, dawa ya presha. Mama alikuwa amefumba macho. Kope zilicheza kama za mtoto anayeota.

"Nyekundu!" Adela akalia. "Imerudi nyekundu! Ngoja. Njano hiyo. Njano, Ene!"

Mwalimu Tweve alisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, kisha simu ikakatika.

Enelika hakuachia mikono ya mama. Aliona mabega yakishuka, kichwa kikigeuka kutazama ukuta wa sebule, picha ya arusi, saa, kabati, kila kitu kikipokelewa kimoja kimoja kama watu wanaorudi kutoka safari. Kisha macho yakamrudia yeye, yakatulia.

"Ene," mama akasema.

"Naam, mama."

"Umekonda."

"Nimekonda, mama."

Alisubiri. Sasa ndipo ingekuwa rahisi. Kifaa hakikusema, na Adela alikuwa amekaa sakafuni, ameshika kichwa, hana nguvu ya kuzungumza. Angeweza kunyamaza mpaka kesho. Akafungua mdomo, lakini mama alitangulia.

"Kuna dada alikuwa amekaa hapa hapa," mama akasema polepole. "Aliniambia habari ya Lute." Alimtazama kwa makini zaidi, machozi yale, kidevu kile, mikono ile. "Alikuwa wewe."

"Alikuwa mimi."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Ukelele haukuja. Kilichokuja kilikuwa kizito na cha chini, kama mtu anayetua mzigo ambao hakujua ameubeba, na mama akamwangukia Enelika begani, kompyuta ikiteleza kutoka mapajani mpaka Adela akaidaka kwa tumbo. Walikaa hivyo. Enelika hakuhimiza wala hakubembeleza. Alinyamaza, akamwacha amshike.

Baada ya muda mrefu mama aliinua uso.

"Mlimvisha soksi?" akauliza. "Yule baridi humwingilia miguuni. Tangu mdogo."

"Ulimvisha wewe mwenyewe, mama."

"Mimi?"

"Wewe. Walitaka kukusaidia, ukawakatalia."

Mama alitafakari, akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Alijipangusa macho kwa ncha ya blanketi, akajiweka sawa kwenye kiti, akaviweka viganja vyake magotini kama anavyofanya kanisani kabla mahubiri hayajaanza.

"Basi niambie yote," akasema. "Anza na aliyeleta habari."